Siku ya Posa, Siku ya Fomu

Sura ya Saba

Dorotea alisikia vigelegele kabla pikipiki haijasimama.

Vigelegele vile vilikuwa vyake, lakini vilikuwa vimewahi. Wageni wa posa walisema watafika saa tisa alasiri. Simu yake ilionyesha saa saba na nusu. Hata hivyo, pale mbele ya nyumba ya baba yake, kijijini Kisawasawa, mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Pawatila, trekta dogo la mkono la Fridolin aliyekuja kumposa, ilikuwa imesimama kando ya banda la kuku, tela lake limepambwa vitenge pande zote. Na katikati ya kina mama wa ukoo wake aliketi Mama Restituta, mama mzazi wa Fridolin, mgongo umenyooka kama mtu aliyewahi kanisani ili achague benchi.

"Wewe mtoto!" Shangazi Konsolata alimdaka mkono nyuma ya jiko. "Mwali wa kuposwa unashuka kwenye bodaboda mbele za watu? Pita huku, upesi! Hawajakuona."

"Shangazi, wamekuja mapema."

"Wamekuja mapema kwa makusudi. Yule mama nimemjua tangu tunasuka nywele pamoja. Ingia ndani!"

"Fomu haijapokelewa, shangazi."

Shangazi Konsolata alisimama. Mkono wake ulikuwa na unga wa ngano mpaka kwenye kiwiko. "Tangu saa mbili asubuhi uko kule, haijapokelewa?"

"Imerudishwa. Nimepewa mpaka saa kumi jioni."

Hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu za udiwani. Chama chake kilikwisha kumpitisha, kiapo alikwisha kuapa mbele ya hakimu, na kilichobaki kilikuwa kufikisha fomu kwenye ofisi ya kata, kilomita tano kutoka pale. Tarehe ilipotangazwa, Dorotea alikwenda mwenyewe kwa Mama Restituta, akapiga magoti, akaomba posa isogezwe siku moja tu. Mama Restituta alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichagua: "Siku ya posa haihamishwi kwa sababu ya karatasi."

Basi Dorotea alipanga kuwahi asubuhi. Alikaa kwenye benchi la ofisi akiwa na rozari mkononi mpaka zamu yake ikafika. Msimamizi wa uchaguzi, Bi Salha, mwanamke mpole wa miwani minene, alipitia majina ya wadhamini mmoja mmoja. Walitakiwa wasiopungua kumi, wote wawe wamejiandikisha kupiga kura ndani ya kata. Dorotea alikuwa nao kumi kamili. Kwenye jina la saba kalamu ya Bi Salha ilisimama.

"Huyu hayumo kwenye daftari letu," alisema. "Tafuta mwingine, dada. Nafasi ya jina la kumi na moja ipo hapo chini. Uje mwenyewe, si kumtuma mtu, na uje kabla ya saa kumi. Baada ya hapo hata machozi sipokei."

Jina la saba lilikuwa la Fridolin.

* * *

Ndani ya chumba, Shangazi Konsolata alimvua gauni la safari, akamvika kitenge kipya na kumkalisha kwenye mkeka. Kutoka nje ilikuja sauti ya mshenga, Mzee Ponsiano, aliyeletwa kutoka Mlabani kwa sababu ya ufundi wake wa kusema.

"Sisi ni wasafiri," mshenga alikuwa akisema, bila haraka yoyote. "Tumepita bondeni, tumepita mashambani, tumeona mashina mengi ya mpunga yenye suke zuri. Lakini kuna shina moja, ndugu zangu, shina moja tu..."

"Huyu ataanza kuhesabu punje," Shangazi Konsolata alinong'ona. "Kwenye posa ya binti mmoja kule Mlabani alisema mpaka kuku wakapanda kulala."

"Shangazi, wewe unayo kadi ya kura ya hapa. Nisainie, nitoke kwa mlango wa nyuma. Nitarudi hawajamaliza salamu."

"Kusaini nitasaini. Kutoka, hapana." Shangazi alikaa chini, akamshika magoti. "Sikiliza, mwanangu. Wageni wakishaketi mkekani, mwali akivuka ua kabla hajaulizwa, amewakataa. Hakuna wa kueleza. Hakuna cha fomu. Watakunja mikeka yao, na yule mama atashukuru Mungu njia nzima. Unadhani kwa nini amewahi?"

"Basi baba awaombe waniulize sasa hivi."

"Ameshaomba. Nilimnong'oneza nilipotoka kuchukua maji. Baba yako akasema, 'Ndugu zetu, mnaonaje tukifupisha kidogo?' Unajua yule mama amemjibu nini? 'Tumekuja kuoa, mzee. Hatukuja kupanga foleni.'"

Dorotea alifumba macho. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Shule aliiacha darasa la saba, akalima mpunga wa watu na wa baba yake, na alipofika miaka ishirini na saba alirudi kusoma jioni, akikaa dawati moja na watoto wa dada zake. Walimwita mwanafunzi mzee. Mwaka jana alifaulu kidato cha nne. Katika miaka ile yote, mwanamume mmoja tu aliwahi kumwomba amsomee kilichoandikwa kwenye daftari lake. Alikuwa kijana wa pawatila aliyekuja kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa, akaketi juu ya gunia na kusikiliza habari za mzunguko wa damu kama anayesikiliza habari za nyumbani kwao. Huyo ndiye Fridolin.

Na sasa alikuwa ameketi nje, kimya, kama desturi ilivyotaka. Siku ya posa muoaji hasemi. Mdomo wake ni mshenga.

"Bwana," Dorotea alisali polepole, "sijui niombe nini kwanza. Nisaidie niombe vizuri."

Kisha akamwambia shangazi yake, "Niitie Fridolin. Dirishani."

* * *

Ilipata saa nane na nusu ndipo alipoweza kujitoa mkekani, akijifanya anakwenda kuangalia pawatila. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka kola inang'aa. Alipomwona Dorotea nyuma ya nondo za dirisha, amevaa kitenge kipya, alisahau alichotaka kusema.

"Dora," alisema. "Umependeza."

"Usiniite Dora. Toa kadi yako ya kura."

"Sasa hivi? Shangazi kanikanyaga mguu mara tatu, nikajua kuna nyoka, kumbe..."

"Toa, Fridolin."

Aliitoa kwenye pochi, akaipitisha kati ya nondo. Dorotea hakuipokea. "Isome wewe. Kata gani?"

Fridolin alisoma. Dorotea aliona macho yake yakirudi mwanzo wa mstari, yakausoma tena.

"Chita," alisema.

"Chita," Dorotea alirudia.

"Mwezi wa nne," Fridolin alisema taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha. "Nilikuwa shamba, naamia ndege wasile mpunga. Waandikishaji wakaja na mashine zao mpaka kule kule mashambani. Wakauliza, unaishi wapi kwa sasa? Mimi ninalala kwenye dungu la kulindia shamba, ninapika kwenye dungu, nina miezi mitatu sijaonja maji ya Kisawasawa. Nikasema ninaishi hapa. Wakanihamishia Chita. Tulikuwa wengi, Dora, nusu ya wakulima wa kule ni wa huku."

"Na nilipokuletea fomu usaini?"

"Sikufikiri kadi."

"Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri jina langu litakaa ukurasa mmoja na jina lako."

Dorotea aligeuza uso. Alitaka kukasirika zaidi, akajikuta hana mahali pa kuishika hasira yenyewe. Yeye pia hakuikagua ile kadi. Tisa wengine aliwakagua kwa tochi ya simu, tarakimu kwa tarakimu. Ya Fridolin aliinakili tu akitabasamu. Nani anamkagua mtu anayempenda?

"Jina lako ndilo lililonirudisha," alisema. "Nikitoka sasa, mama yako atakunja mkeka. Nikibaki, saa kumi itanikuta hapa. Miaka mitano nimesoma nikicheka na wanaonicheka. Kina mama wamenichangia nauli ya kwenda kuapa. Kila masika watoto wa kule ng'ambo ya kijito wanakosa shule kwa sababu hakuna kivuko, nami niliwaambia nitakwenda kuwasemea. Niwaambie nini? Nilikuwa naposwa?"

Fridolin alishika nondo mbili kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa grisi usiotoka hata kwa sabuni ya siku ya posa. Dorotea alivitazama. Alikuwa anavipenda vidole vile kuliko alivyowahi kumwambia.

"Niambie unachotaka," alisema. "Usiniambie ninachotaka mimi, wala anachotaka mama."

"Nakutaka wewe. Na nataka kupeleka fomu." Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Vyote viwili. Mungu anisamehe tamaa yangu."

"Hiyo mbona si tamaa. Mtu ana mikono miwili." Akaziachia nondo. "Wewe sali. Mimi nakwenda kusema."

"Fridolin! Muoaji hasemi!"

"Najua," alisema, tayari amegeuka.

* * *

Nje, Mzee Ponsiano alikuwa amefika kwenye mizizi ya lile shina la mpunga. Dorotea alisimama nyuma ya pazia la mlango na kuchungulia. Aliona Fridolin akipita katikati ya mikeka, akavua kofia.

"Wazee wangu, mama zangu, shikamooni."

Mshenga alibaki na mkono hewani.

"Kaa chini, kijana," Mzee Ponsiano alisema. "Mimi ndiye ninayesema."

"Faini!" Shangazi Konsolata alitokea jikoni na mwiko. "Muoaji kasema! Jogoo mmoja!"

"Nalipa," Fridolin alisema.

"Hilo nalo ni neno! Jogoo wa pili!"

Kina mama waliangua kicheko, hata wa upande wa Fridolin. Mama Restituta hakucheka.

"Wa pili pia nalipa," Fridolin alisema, "na wa tatu, na mtetea wao. Naomba nisikilizwe. Dorotea alikuwa apokelewe fomu yake asubuhi hii. Imerudishwa kwa kosa langu. Nilimdhamini wakati kadi yangu ni ya Chita. Ana mpaka saa kumi. Naomba wazee wote mkubali aende, na kutoka kwake kusihesabiwe kuwa ametukataa. Akirudi, mshenga wetu aanzie pale alipoishia."

"Nilipoishia ni pagumu," Mzee Ponsiano alisema kwa huzuni.

"Fridolin." Sauti ya Mama Restituta haikuwa kubwa, lakini ilifika mikeka yote. "Umemaliza?"

"Bado, mama."

"Umemaliza." Akainuka, akajitengeneza mtandio. "Ndugu zangu, mwanangu amenilazimisha kusema mbele za watu nilichotaka kumwambia nyumbani. Binti huyu sina neno naye. Ana adabu, analima, anasali. Lakini mimi niliolewa na kiongozi. Marehemu mume wangu, Viktor, alikuwa mwenyekiti wa kijiji miaka kumi na tano. Nyumba ya kiongozi haina mlango! Ng'ombe wameingia shamba la watu, wanabisha kwetu. Mtu na mkewe wamepigana, kwetu. Ugali unaiva, mwenye nyumba hayupo. Nilikula na kiti kitupu miaka kumi na tano, na siku alipougua, wale wote waliokuwa wakibisha sikuwaona. Leo nimlete mwanangu akakae na kiti kile kile? Watamwita mume wa diwani. Watamwita mbeba pochi."

"Wameshaniita," Fridolin alisema.

"Na wewe unacheka nao?"

"Nacheka nao, mama. Wakichoka kucheka wananiuliza Dora atapita nyumba zao lini."

Mtu mmoja upande wa wanaume alikohoa ili asicheke. Mama Restituta alimgeukia mwenyeji wake. "Mzee Egidius, wewe ni baba. Sema."

Baba yake Dorotea alikuwa mtu wa maneno machache.

"Nilimtoa shule darasa la saba," alisema. "Nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli. Akarudi mwenyewe, mtu mzima. Mimi sina mdomo wa kumzuia mara ya pili."

Hapo Dorotea hakuweza kubaki nyuma ya pazia. Alijua kwamba mwali hajitokezi hadi aitwe. Alijua pia kwamba nusu ya maisha yake ilikuwa inajadiliwa na watu wengine wakati yeye amesimama kwenye kizingiti. Alifanya ishara ya msalaba, akaichukua fomu, akalisogeza pazia, akatoka.

"Yesu na Maria," Shangazi Konsolata alisema, akaficha uso kwa mwiko.

Dorotea alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mama Restituta, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, kile kiti kitupu sikijui. Wewe unakijua, nami siwezi kukuambia hakikuuma. Siwezi kukuahidi kwamba watu hawatabisha, maana watabisha. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja. Sitamficha mwanao kitu, wala sitamwacha ale peke yake kisha nikajiita mtumishi wa watu. Anayeshindwa kumtunza wa ndani atamtunza nani wa nje? Lakini ukinipokea, unipokee hivi nilivyo, na fomu mkononi. Sitaki niingie nyumbani kwako nimepungua, halafu nikulaumu kimoyomoyo miaka yote. Hiyo ingekuwa dhambi, na ingekuwa juu yetu wote wawili."

Mama Restituta alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu na makali, lakini Dorotea hakuyakwepa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliona kwamba ndani yake hamkuwa na chuki. Alikuwa ni mwanamke aliyeogopa.

"Hiyo fomu iko wapi?" Mama Restituta aliuliza.

"Hii hapa, mama."

"Konsolata ndiye anayeziba nafasi ya mwanangu?"

"Kalamu ninayo," Shangazi Konsolata alisema, akajifuta unga haraka. "Nipe nisaini, muda unakwenda."

"Ngoja."

Shangazi alisimama, kalamu mkononi.

"Nataka kuelewa," Mama Restituta alisema. "Majina kumi kwenye karatasi hiyo. Ya kwenu yapo?"

"Baba yupo, na majirani," Dorotea alisema.

"Na ya kwetu?"

"La Fridolin tu. Nalo limekataliwa."

"Kwa hiyo," Mama Restituta aliwageukia ndugu zake wote, sauti yake ikipanda, "sisi tumefunga safari, tumevaa, tumepamba tela, tumekuja kumchukua binti huyu awe wa kwetu. Na kwenye karatasi yake kubwa kuliko zote, atakayosomewa mbele ya watu, ukoo wetu haumo! Tumetolewa! Kesho kutwa akishinda, waseme Konsolata ndiye aliyemshika mkono, na sisi tulikuwa tunakula wali?" Akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

"Mama," Fridolin alisema.

"Wewe nyamaza, majogoo wamekwisha. Kadi yangu ni ya hapa hapa. Mimi sikulala kwenye dungu."

Akaitoa kadi kwenye pindo la kitenge, akakaa, akaiweka fomu juu ya sinia. Shangazi Konsolata alikuwa ameshaanza kutafuta kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba.

"Wino wa nini?" Mama Restituta alisema. "Naandika."

"Tangu lini, Restituta?"

"Tangu mwaka jana. Darasa la jioni la parokia. Nilitakiwa nikuombe ruhusa?"

Aliandika. Herufi ya kwanza ilichukua muda wa Baba Yetu moja. Ya pili haikuwa na haraka kuliko ya kwanza. Watu thelathini walisimama kumzunguka, na Mzee Ponsiano, ambaye hakuwahi kunyamaza kiasi hicho katika posa yoyote, alishika saa yake ya mkononi kama anayeizuia isitembee. Saa tisa na dakika tano. Saa tisa na dakika tisa. Alipofika mwisho wa jina la mumewe alisimamisha kalamu, akalitazama lile neno, *Viktor*, akalipuliza kama chakula cha moto.

"Mbona mmesimama?" alisema. "Fridolin, washa hiyo pawatila."

"Mshenga naye?" mtu aliuliza.

"Wote! Mwali asivuke ua peke yake. Akivuka na sisi, amemkataa nani?"

Mikeka yote ililipuka kwa vigelegele. Hakuna mzee aliyeweza kupinga. Desturi ilisema mwali asiwaache wageni, na wageni walikuwa wanapanda tela.

* * *

Pawatila haina mbio. Ilikwenda kwa mwendo wake ule ule wa kubebea mpunga, moshi ukipiga nyuma, milima ya Udzungwa ikisimama kijani upande mmoja na mabua ya mashamba yaliyovunwa upande mwingine. Kwenye tela walibanana wazee, kina mama, ngoma moja na sinia la maandazi ambalo hakuna aliyejua nani alilipandisha. Kina mama wa kwaya walianza kuimba, na watu waliokuwa wakianika mpunga kando ya barabara waliinuka.

"Harusi hiyo?" waliuliza.

"Posa!" Mama Restituta alijibu.

"Mbona mnamtoa mwali kwao kabla ya ndoa?"

"Tunampeleka kurudisha fomu! Mna swali lingine?"

Wengine waliacha reki zao, wakafuata kwa miguu. Dorotea alikaa mbele kabisa ya tela, nyuma ya kiti cha dereva, fomu imefungwa kwenye kanga kifuani pake. Aliona shingo ya Fridolin, jasho likishuka kwenye kola iliyopigwa pasi. Mara moja tu Fridolin aligeuka kumtazama. Dorotea aliweka kiganja chake mgongoni mwa lile shati jeupe, akakiacha pale, mbele ya ukoo mzima, mpaka walipoliona bati la ofisi ya kata.

Saa tisa na dakika hamsini na moja.

Bi Salha aliinua miwani aliposikia ngoma. "Mmeniletea mgombea au bibi harusi?"

"Mimi ndiye, dada. Nimerudi."

Bi Salha hakutabasamu. Aliifungua fomu, akaanza upya, jina la kwanza, la pili, kidole kikishuka kwenye daftari lake. Nje wimbo ulikatika. Watu walijaa mlangoni na kwenye madirisha, na Dorotea alisikia pumzi zao. Jina la saba lilipigwa mstari. La nane. La tisa. La kumi. Kisha lile la mwisho, la herufi kubwa zilizolala kila moja upande wake.

"Restituta Viktor," Bi Salha alisoma. Kidole kilitafuta. Ukurasa uligeuzwa. Dorotea alianza Salamu Maria moyoni, na hakuwa amefika katikati.

"Yumo," Bi Salha alisema. Akainua macho. "Ni nani wako huyu?"

Dorotea alifungua kinywa, akasita. Bado hakuwa mama mkwe. Posa haikuwa imekwisha, jibu halikuwa limetolewa. Hakuwa na neno halali la kumwita.

"Mwambie ni mama yako," ilisikika sauti ya Mama Restituta kutoka mlangoni.

Bi Salha aliugonga muhuri. Aliandika saa, tarehe, akasaini, akampa nakala yake. "Umepokelewa, Dorotea Egidius. Kila la heri."

Kelele zilizofuata zilimtoa njiwa kwenye bati. Shangazi Konsolata alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Dorotea alitoka na karatasi juu ya kichwa chake, machozi yakimtiririka bila aibu, akisema, "Asante Bwana, asante Bwana," na kina mama waliomchangia nauli wakimshika mikono, mabega, uso.

Mzee Egidius alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi. Alimngoja binti yake mpaka watu wakatulia.

"Dorotea," alisema, na wote wakasikia. "Hawa watu walikuja kwangu leo. Wanasema wameona kitu nyumbani kwangu wanakitaka. Unawajua?"

Mzee Ponsiano alivuta pumzi aingize neno. Mama Restituta alimshika mkono wa shati, akamzuia.

Dorotea aliwatazama. Alimtazama yule mama mwenye wino kwenye kidole cha shahada. Kisha alimtazama Fridolin, aliyesimama kando ya pawatila bila kofia, midomo imefungwa kwa nguvu kama mtoto aliyeahidi kutosema, na macho yake yakisema kila kitu.

"Nawajua, baba."

"Tupokee walicholeta?"

"Pokea, baba," Dorotea alisema, kwa sauti ya mtu atakayehutubia. "Pokea, na uwaambie nimekubali."

Akashuka ngazi kwenda kupiga magoti mbele ya mama yake mpya. Hakuwahi kufika chini. Mama Restituta alikuwa amekwisha kumshika viwiko, akamnyanyua, akamkumbatia pamoja na fomu, pamoja na muhuri ambao wino wake ulikuwa haujakauka.

"Simama, mwanangu," alimwambia sikioni. "Simama hivyo hivyo, wote wakuone."